Jaribio Lililotangazwa na Jaribio Lililofichwa: Uwazi katika Urushaji wa Roketi tangu 1957

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Walimu wa Kiswahili huifafanua methali hii darasani kwa mifano ya karibu: mgonjwa anayeogopa zahanati, au mwanafunzi anayetikisa kichwa ilhali hajaelewa somo. Makala haya yanakusudia kuipeleka methali hiyo mbali kidogo, hadi kwenye mashindano ya anga kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti yaliyoanza mwaka 1957. Swali linaloongoza makala ni hili: taifa linaporusha roketi ya majaribio, liwaambie nini wananchi wake, na liwaambie lini, kabla ya kurusha au baada ya kurusha?

Swali hili ni la historia, lakini ni la lugha pia, kwani linahusu maana ya neno moja: jaribio. Jaribio ni jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Anayelitangaza akiwa tayari anaujua mwisho wake hatangazi jaribio, anatangaza matokeo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo katika kamusi. Katika historia ya anga ilikuwa kubwa, na wapo waliokufa katikati yake.

Vanguard: aibu mbele ya kamera

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, yenye uzito wa kilo 83.6. Dunia iliisikia habari hiyo baada ya chombo kuwa tayari angani. Siku 5 baadaye serikali ya Rais Eisenhower wa Marekani ilitangaza kwamba mradi wake wa Vanguard ungerusha chombo kidogo cha majaribio mwezi Desemba. Kwa wahandisi wa mradi, roketi hiyo ilikuwa ya majaribio kwelikweli: ilikuwa mara ya kwanza kwa hatua zake zote 3 kurushwa pamoja zikiwa na injini zake halisi. Lakini tangazo lilipopita katika magazeti neno "majaribio" lilimezwa, likabaki jibu la Marekani kwa Sputnik.

Tarehe 6 Desemba 1957, huko Cape Canaveral, Florida, waandishi wa habari wakitazama na kamera zikipiga picha, roketi iliinuka kiasi cha mita 1.2, ikapoteza nguvu baada ya sekunde 2 hivi, ikaanguka na kulipuka. Setilaiti yenyewe, ya kilo 1.5 tu, ilitupwa kando, ikaendelea kutoa mawimbi ya redio ikiwa chini. Wenye magazeti hawakuwa na huruma. Walichezea neno Sputnik wakaunda majina ya kejeli kama "Kaputnik" na "Flopnik". Mwanafunzi wa lugha ataona hapo jinsi kiambishi kimoja cha Kirusi kilivyogeuka silaha ya dhihaka kwa siku moja.

Je, walikosea kutangaza? Wengi Washington walidhani hivyo. Hata hivyo miezi 3 baadaye, tarehe 17 Machi 1958, Vanguard 1 ilifika angani, na hadi leo ingali inaizunguka dunia, ikiwa kongwe kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu vilivyobaki huko juu. Isitoshe, mwezi Julai mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuunda shirika la kiraia la anga, NASA, na sheria hiyo ililiagiza shirika kueneza habari za shughuli zake na matokeo yake kwa upana kadiri iwezekanavyo. Aibu ya Desemba haikufanya mlango ufungwe.

NASA nayo ilipata aibu zake. Tarehe 21 Novemba 1960 roketi ya mradi wa Mercury iliinuka takriban sentimita 10 kisha injini ikazimika, ikakaa tena chini pale ilipotoka. Mnara wa kumwokoa mwanaanga ulifyatuka peke yake, na parachuti zikachomoza juu ya roketi iliyosimama wima. Tarehe 25 Aprili 1961 roketi nyingine ya Mercury ililazimika kulipuliwa na wasimamizi wake sekunde 40 hivi baada ya kuruka, kwa kuwa haikufuata njia. Siku 10 tu baadaye, tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard alirushwa, na televisheni ikaonyesha moja kwa moja. Wapo walioogopa kwamba taifa lingeshuhudia kifo cha mtu sebuleni. Lakini kamera hazikuzimwa.

TASS: habari baada ya tukio

Upande wa pili mambo yalikuwa kinyume. Wasovieti hawakutangaza tarehe za kurusha. Yuri Gagarin alipopanda angani tarehe 12 Aprili 1961, shirika la habari la TASS lilikuwa limeandaliwa taarifa 3: moja ya mafanikio, moja kama angetua nchi ya kigeni akahitaji msaada, na moja kama angekufa. Dunia ikaisikia ile ya kwanza. Hata katika ushindi huo mkubwa, ambao hakuna anayeweza kuupinga, jambo moja lilifichwa: Gagarin hakutua ndani ya chombo chake, bali alichomoka akiwa angali juu na kushuka kwa parachuti yake mwenyewe. Kanuni za kimataifa za rekodi za urukaji zilitaka rubani atue ndani ya chombo. Miaka takriban 10 ilipita kabla ya jambo hilo kukubaliwa hadharani.

Habari za mbwa Laika, aliyerushwa tarehe 3 Novemba 1957, zilikawia zaidi. Ilielezwa kuwa aliishi siku kadhaa angani. Mwaka 2002 mwanasayansi wa Kirusi alieleza mbele ya mkutano wa kimataifa kwamba Laika alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuruka. Ukweli huo ulisafiri miaka 45.

Haitakuwa haki kudai kwamba Wasovieti walificha kila kitu. Mwezi Desemba 1960 walitangaza kuwa chombo chenye mbwa 2 kilikuwa kimeteketea wakati wa kurudi. Lakini ufichaji ulikuwa kanuni, na kusema kulikuwa ruhusa ya pekee.

Lugha ya kuficha

Sisi walimu wa lugha tutavutiwa zaidi na namna ufichaji ulivyotumia majina. Kituo kikuu cha kurushia roketi kiliitwa Baikonur, ilhali kilikuwa karibu na stesheni ya reli ya Tyuratam, na mji uliokuwa na jina la Baikonur wakati huo ulikuwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Mhandisi aliyeongoza kazi yote, Sergei Korolev, hakutajwa kwa jina. Aliitwa "Mbunifu Mkuu" tu, na wananchi wake walilijua jina lake alipofariki mwezi Januari 1966.

Jina lililofanya kazi kubwa zaidi lilikuwa Kosmos. Kuanzia tarehe 16 Machi 1962 setilaiti za aina nyingi zilipewa jina hilo na namba, na taarifa zake zilifuata mtindo mmoja: chombo kimerushwa ili kuendeleza utafiti wa anga, vifaa vinafanya kazi vizuri. Chini ya jina hilo walilala wapelelezi wa kijeshi, vyombo vya majaribio, na safari zilizoharibika njiani. Mfano ni Kosmos 482, iliyorushwa tarehe 31 Machi 1972. Ilikuwa iende sayari ya Zuhura, lakini injini ilizimika mapema, ikabaki imekwama karibu na dunia. Pacha wake, aliyeondoka siku 4 kabla, alifika Zuhura mwezi Julai akatangazwa kwa jina la fahari la Venera 8. Aliyekwama aliitwa Kosmos, na neno Zuhura halikutajwa. Sehemu yake iliyobaki ilianguka duniani tarehe 10 Mei 2025, miaka 53 baadaye, na magazeti ya dunia nzima, ya Urusi yakiwemo, yakaandika wazi ilikuwa ikienda wapi.

Upande wa Marekani nao haukukosa pazia lake. Mwaka 1959 ulianza mfululizo wa vyombo vilivyoitwa Discoverer. Urushaji wake ulitangazwa, na walimwengu waliambiwa ni majaribio ya kisayansi. Kwa hakika zilikuwa kamera za upelelezi za mradi wa Corona, na siri hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 1995. Hivyo uwazi wa Marekani ulikuwa wa NASA, si wa serikali nzima. Ni vyema mwanafunzi wa historia akumbuke kwamba mlango unaweza kuwa wazi sebuleni na kufungwa chumbani katika nyumba moja.

Tunguu, Unguja

Mashindano hayo yalifika pia katika pwani yetu. Ili kuwafuatilia wanaanga wa Mercury walipozunguka dunia, Marekani ilihitaji vituo vya mawasiliano kote. Barani Afrika kimoja kilijengwa Kano, Nigeria, na kingine Unguja, eneo la Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, baada ya safari yake kuahirishwa hadharani mara kadhaa, kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vilivyozungumza naye.

Kituo cha Tunguu kilikuwa na antena na redio, hakikuwa na roketi yoyote. Hata hivyo wapo Wazanzibari walioshuku kwamba ni kituo cha kijeshi, wakakipinga kwa nguvu. Hofu hiyo haikuwa upumbavu. Makubaliano ya kukijenga yalifanyika wakati Zanzibar ingali chini ya himaya ya Uingereza, na wakazi hawakuwa na usemi wa kutosha katika jambo hilo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kiondolewe, na mwaka huohuo kikafungwa.

Kisa hiki kinatufundisha jambo ambalo halipatikani Florida wala Moscow. Mtazamaji wa Marekani aliona roketi ikilipuka na akaamini alichokiona, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mapema kwa lugha yake na watu aliowachagua. Mkazi wa Tunguu aliona minara ikisimikwa karibu na mashamba yake. Uwazi unaomfikia mtazamaji wa mbali na kumruka jirani huzaa uvumi.

Gharama ya siri

Turudi sasa kwenye methali yetu. Je, siri iliwaponza wenyewe walioificha? Mwaka 1967 unatupa jibu, na jibu lenyewe linahitaji uangalifu.

Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga 3 wa Marekani, Grissom, White na Chaffee, walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado juu ya jukwaa la kurushia, katika zoezi la majaribio. Chombo kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu. Miaka 6 kabla, tarehe 23 Machi 1961, kijana wa Kisovieti aliyekuwa akifunzwa uanaanga, Valentin Bondarenko, alikuwa amekufa kwa moto katika chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi. Kifo chake kilifichwa hadi 1986. Wapo wanaosema kwamba kama kingetangazwa, Wamarekani wangejihadhari. Tusikimbilie hukumu hiyo, kwa maana Marekani ilikuwa na mioto yake yenyewe ya oksijeni katika maabara, na bado haikuonyeka. Linaloweza kusemwa ni kwamba onyo moja zaidi lilizikwa pamoja na kijana huyo.

Miezi 3 baada ya moto wa Apollo, tarehe 23 Aprili 1967, Umoja wa Kisovieti ulimrusha Vladimir Komarov katika Soyuz 1, chombo kipya. Chombo cha aina hiyo kilikuwa kimerushwa mara 3 bila mtu, na mara zote kiliharibikiwa. Cha kwanza, mwezi Novemba 1966, kilipoteza udhibiti na kikalipuliwa wakati wa kurudi. Kwa walimwengu kilikuwa Kosmos 133. Cha pili hakikuondoka hata jukwaani: mwezi Desemba roketi yake ililipuka, na hakikupewa jina kabisa. Cha tatu, Kosmos 140, kilirudi Februari 1967 kikiwa na tundu katika ngao yake ya joto, kikatua juu ya barafu ya Bahari ya Aral na kuzama. Hakuna gazeti lililoandika kwamba chombo hiki kimejaribiwa mara 3 na kushindwa mara 3. Hakuna mbunge wala mwandishi aliyeweza kuuliza: mbona mnamweka mtu? Wahandisi walijua, lakini shinikizo la wakubwa lilikuwa kubwa kuliko sauti yao. Tarehe 24 Aprili parachuti ya Komarov ilikataa kufunguka sawasawa, naye akafa.

Moto wa Apollo unatukataza kusema kwamba uwazi huokoa maisha peke yake. Vivyo hivyo mwaka 1986 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa mbele ya televisheni, na uchunguzi ukaonyesha kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walikuwa wameonya juu ya baridi, lakini onyo lao halikufika kwa wakubwa wenye uamuzi wa mwisho. Kamera zilikuwa wazi, ofisi zilikuwa zimefunga masikio. Tofauti ilikuja baadaye. Tume za uchunguzi zilikaa, mashahidi wakahojiwa, ripoti zikachapishwa, na yeyote duniani aliweza kusoma kosa lilikuwa wapi. Habari kamili za majaribio ya Soyuz zilisubiri miongo.

Habari za roketi ya mwezini ya Wasovieti, N1, zilisubiri vilevile. Ilirushwa mara 4 kati ya 1969 na 1972, ikashindwa mara zote, na mlipuko wa Julai 1969 uliharibu vibaya jukwaa lake. Kwa miaka 20 Moscow ilikana kwamba iliwahi kushindania mwezi. Ukweli ulitoka mwaka 1989.

Kuna gharama nyingine isiyohesabiwa kwa maiti. Msema siri huacha kuaminiwa hata anaposema kweli. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 ulienea uvumi kwamba kabla ya Gagarin wapo Wasovieti waliokufa angani na kufichwa. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye hazikuonyesha lolote la namna hiyo. Hata hivyo uvumi ulistawi, kwa sababu aliyekuwa akiukanusha alijulikana kwa kuficha.

Pazia lafunguliwa

Ushirikiano ndio ulioanza kulifungua pazia. Mwezi Julai 1969, Apollo 11 ilipokuwa njiani kwenda mwezini na chombo cha Kisovieti, Luna 15, kikiwa huko tayari, Wasovieti walikubali kuwapa Wamarekani habari za njia yake ili kuondoa hofu ya mgongano. Kisha zikaja maandalizi ya safari ya pamoja ya Apollo na Soyuz. Tarehe 5 Aprili 1975 wanaanga 2 wa Kisovieti walinusurika roketi yao ilipoharibika katikati ya safari ya kupanda. Safari hii Moscow iliwaarifu washirika wake wa Marekani ndani ya siku chache, maana asiyesema kasoro ya chombo chake atampataje mwenzake wa kupanda naye? Tarehe 15 Julai 1975, kwa mara ya kwanza, Wasovieti walionyesha urushaji wa wanaanga wao moja kwa moja katika televisheni.

Neno lililokuja kuupa jina uwazi wa Kisovieti katika miaka ya 1980, chini ya Gorbachev, ni glasnost. Mzizi wake unahusiana na neno la Kirusi la kale lenye maana ya sauti. Uwazi wetu unatokana na wazi, jambo linaloonekana kwa jicho. Warusi walianza na kusema, sisi tunaanza na kuona. Katika habari za anga vyote viwili vinahitajika: kuonyesha bila kusema kunaleta Tunguu, na kusema bila kuonyesha kunaleta Kosmos.

Nchi maskini hazikuachwa nyuma katika somo hili. India iliporusha roketi yake ya SLV-3 kwa mara ya kwanza tarehe 10 Agosti 1979, ilianguka baharini. Mkuu wa shirika la anga, Satish Dhawan, alikwenda mwenyewe mbele ya waandishi akabeba lawama. Ilipofaulu tarehe 18 Julai 1980, alimwachia kiongozi wa mradi, A.P.J. Abdul Kalam, awaongoze waandishi. Kalam, aliyekuja kuwa rais wa India, alikisimulia kisa hicho maisha yake yote.

Hitimisho

Leo nchi zetu zimo katika habari hizi. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022, siku moja baada ya kuahirishwa kwa sababu ya kengele ya moto katika kituo cha kuongozea. Chombo kilichoibeba kilishindwa kufungua mojawapo ya mabawa yake 2 ya umeme wa jua, na jambo hilo likatangazwa siku hiyohiyo. Mzigo ulifika salama. Taifa-1 ya Kenya nayo iliahirishwa kwa hali ya hewa, watu wakitazama, kabla ya kuruka tarehe 15 Aprili 2023.

Habari kama hizo zinapoandikwa kwa Kiswahili, ni wanafunzi wetu watakaoziandika. Basi tuwazoeze kutenganisha "imeahirishwa" na "imeshindwa", "roketi ililipuka" na "roketi ililipuliwa", "jaribio" na "safari". Taifa likisema mapema kwamba linajaribu, linajitia katika hatari ya kuchekwa kama Vanguard ilivyochekwa. Lakini siku litakaposema limefaulu, litaaminiwa.